Mzigo umefika kutoka Arusha: ukulele mbili, moja ya kushoto

Haya wapenzi, wiki nzima inboksi yangu imejaa swali moja. Niliposti picha ya vyombo viwili vya mbao vimelala kitandani, mkaanza: "Hivyo ni vigitaa vya watoto?" "Dada umeanzisha bendi?" "Mbona viwili, au kimoja cha shemeji?" Shemeji hayupo kwenye hii stori, poleni sana. Kaeni kitako niwaeleze.

Hizo ni ukulele. Siyo zile ndogo mnazoziona kwenye klipu za watu wa ufukweni wenye maua kichwani. Hizi zinaitwa baritoni. Kwenye familia ya kawaida ya ukulele kuna soprano, konsati, tena, halafu kubwa lao ndiyo baritoni, yenye urefu wa kama sentimita 75 kutoka kichwani mpaka mkiani. Na hizi zimetengenezwa kwa oda, kwa kupima, kama unavyompelekea kitambaa fundi cherehani badala ya kwenda kuchukua nguo iliyotundikwa Kariakoo. Moja ni yangu. Ya pili ni ya mjomba wangu, na hiyo ya mjomba imegeuzwa, ni ya mtu anayepiga kwa kushoto.

Ila mjomba wangu hajawahi kuwa mtu wa kushoto maisha yake yote. Hapo sasa ndipo stori inapoanzia.

Mjomba ni nani? Jina kapuni, na msianze kubahatisha. Wazee wenu wanamjua. Alipiga gitaa la ridhimu kwenye bendi za dansi hapa Dar, zama zile bendi zina mitindo yao na mashabiki wao wanaozozana kama Simba na Yanga, Msondo kule, Sikinde huku. Ile sauti mnaijua hata kama majina hamyajui. Magitaa yanajibizana, kila moja na njia yake, halafu wimbo ukifika kwenye chemko hakuna anayebaki kwenye kiti.

Kuna kitu ambacho vijana wengi hatukijui kuhusu wanamuziki wa zama zile. Bendi nyingi kubwa zilikuwa mali ya taasisi. NUTA Jazz iliyoanza 1964 ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, nyingine zikawa za jeshi, za jumuiya ya vijana, za mashirika ya umma. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, na vyombo vilikuwa vya mwenye bendi. Ukihama, unaondoka na vidole vyako tu, gitaa linabaki. Mjomba alihama bendi mara tatu, na mara zote tatu aliacha gitaa nyuma. Kapiga miaka zaidi ya thelathini kwenye vyombo vya watu. Alipostaafu ndipo akanunua gitaa kavu la mtumba, akawa analipiga barazani jioni, na sisi watoto wa dada zake tukawa tunakaa hapo kula karanga zake.

Miaka mitatu iliyopita akapata kiharusi.

Kwa wasiojua, upande wa kulia wa ubongo ndio unaoendesha upande wa kushoto wa mwili. Kwake tatizo lilitokea kulia. Maneno yalirudi, akili haikuondoka hata siku moja, mguu ukarudi nusu na sasa anatembea na fimbo. Mkono wa kushoto ndio uliobaki na mgomo wake. Bega linatii, kiwiko kinatii, vidole havitaki. Sasa mpiga gitaa wa kulia, mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi shingoni. Kodi zote alizojifunza tangu ujana zilikuwa zinakaa kwenye vidole hivyo vitano.

Gitaa kavu akaliingiza uvunguni. Redio ikawa inafunguliwa kwa ajili ya taarifa ya habari tu. Ukipiga wimbo wa dansi kwenye simu yako, anakuomba upunguze sauti.

Sasa tuongee kuhusu ile klipu, maana wengine mliiona. Mwaka jana staa mmoja wa Bongo Fleva, naye jina kapuni, alikwenda kumtembelea na watu wa kamera. Akampelekea gitaa jipya kabisa, la nyuzi sita, linang'aa, limefungwa utepe. Staa akasema maneno mazuri kuhusu wazee waliotutengenezea njia, akampakata Mjomba lile gitaa, picha zikapigwa. Sisemi alikuwa anatafuta kiki. Aliacha na bahasha, na bahasha ile ilinunua dawa, Mungu ambariki. Lakini kwenye klipu nzima ya dakika nne hakuna mtu aliyeangalia mkono wa kushoto. Walimpa gitaa mtu ambaye hawezi kulibana, halafu wakamwambia "utapona tu mzee, utapiga tena."

Klipu ikaenda sana. Komenti zikafurika. "Mungu amponye." "Serikali iko wapi?" "Jamani huyu mzee yupo? Nilijua alishafariki." Watu wakisahau kwamba Mjomba ana simu janja na ana bando. Alizisoma zote. Siku ile nilipokwenda kumwona aliniambia kitu kimoja tu. Yeye ananiita "mama" kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Akasema, "Mama, watu wananisubiri nirudi nilivyokuwa. Mimi nipo hapa."

Hayo maneno yalinikaa. Nikaanza kutafuta usiku, wenyewe mnajua ukianza kutazama video saa tano usiku unajikuta saa nane bado upo. Nikakutana na stori ya Django Reinhardt, mpiga gitaa maarufu wa jazi Ulaya. Moto wa mwaka 1928 ulimharibu vidole viwili vya mkono wa kushoto, akatafuta namna ya kupiga solo zake kwa viwili vilivyobaki vizima. Hakusubiri vidole virudi. Ila Django alibaki na viwili. Mjomba kwenye ule mkono hana hata kimoja cha uhakika.

Ndipo nikaona mtu anapiga ukulele ya baritoni, na mtu mwingine akaeleza jinsi inavyotyuniwa. D, G, B, E. Nikasimama. Hizo ni nyuzi nne nyembamba za gitaa, zile zile, kwa mpangilio ule ule. Ukulele ndogo zinatyuniwa kwa namna nyingine, kwa hiyo mpiga gitaa inabidi aanze kufikiri upya. Baritoni haina hiyo shida, ni gitaa lililopunguziwa nyuzi mbili nene. Kila kodi anayoijua Mjomba bado ipo mle ndani, na nyingine zimekuwa rahisi. Kodi ya G kwenye gitaa wengi wetu tunaibana kwa vidole vitatu. Kwenye baritoni ni kidole kimoja, uzi mwembamba, chumba cha tatu, basi. Em nayo kidole kimoja. Nyuzi ni za nailoni, laini, na shingo ni fupi.

Kwa hiyo wazo likawa hili. Mkono wa kulia ulio mzima uhamie shingoni ukabane nyuzi. Mkono wa kushoto, ambao bega na kiwiko vinatii, ufanye kazi ya kuchapa nyuzi kwa kupanda na kushuka. Vidole havihitajiki sana hapo.

Najua mtauliza kwa nini sikununua ya kawaida nikageuza nyuzi. Na mimi niliuliza. Nikaambiwa ile mifereji midogo inayoshika nyuzi pale juu ya shingo huchongwa kwa unene wa kila uzi, ukigeuza nyuzi, nene haiingii na nyembamba inacheza na kulia vibaya. Pale chini darajani, kile kipande kinachobeba nyuzi huwekewa mwinamo kidogo ili sauti isipotoke unapobana mbali, na mwinamo huo ukiugeuza kinyume unapata chombo ambacho hakityuniki. Hata vile vidoti vya pembeni ya shingo vinakuwa vimeangalia sakafu badala ya macho yako. Inabidi kitu kijengwe upya tangu mwanzo.

Fundi nilimpata Arusha kupitia rafiki wa rafiki. Alianza kama seremala wa milango na makabati, baadaye akaanza kukarabati magitaa ya kanisani kwao, leo anatengeneza ya kwake. Nilipomtajia ukulele akacheka, akasema hiyo ni kazi ya watu wa makabati tangu zamani. Nikadhani ananipamba. Kumbe kweli. Mwaka 1879 meli ya Ravenscrag ilifika Honolulu, Hawaii, ikitoka kisiwa cha Madeira cha Wareno, imebeba watu waliokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa. Kati yao walikuwemo maseremala watatu, Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Hao ndio waliochukua kigitaa kidogo cha kwao na kukitengeneza kwa mbao za Hawaii, ndiyo ikazaliwa ukulele. Mfalme Kalākaua akaipenda, ikapigwa mpaka ikulu. Baritoni ilikuja baadaye sana, miaka ya 1940, Marekani.

Tatizo halikuwa fundi. Tatizo lilikuwa mwenye mkono.

"Mimi siyo mtoto wa kupewa midoli," Mjomba alisema nilipomweleza. Akageukia televisheni. Sikubishana, mkubwa habishiwi. Nikampigia fundi kumwambia tuache. Fundi akasema, "Dada, nipe niongee naye mimi."

Nikaweka simu sauti ya nje. Fundi akaamkia, "Shikamoo mzee." "Marahaba." Halafu badala ya kumpa pole, akamuuliza, "Mzee, nilitaka kujua, wewe ulikuwa unapenda nyuzi zikae juu au chini?"

Kimya. Halafu Mjomba akasema, "Chini. Lakini zisigonge vyuma."

Waliongea dakika arobaini. Nyuzi zipi zilikuwa zinapatikana miaka hiyo, ukikatikiwa na uzi jukwaani unafanyaje, amplifaya ipi ilikuwa inaunguruma. Nikawa nimekaa pale najifikiria. Miaka mitatu watu wote, na mimi nikiwemo, tukiingia nyumba ile tunauliza presha imesomaje, dawa amekunywa, mguu unaendeleaje. Ilikuwa mara ya kwanza mtu anamuuliza kitu ambacho yeye ni mtaalamu wake.

Alipokata simu akasema, "Haya, lete karatasi."

Tukachora mkono wa kulia kwenye karatasi, vidole vimetanuliwa. Tukapima upana wa kiganja, urefu wa kila kidole, kimo cha kiti anachokalia barazani, na kiwiko cha kushoto kinainuka mpaka wapi kabla hakijachoka. Mtaalamu wake wa mazoezi ya viungo aliangalia mpango wetu akasema haoni ubaya, ila hakutuahidi chochote, na nilimheshimu kwa hilo. Kwa vidole visivyoshika, fundi viatu wa mtaani kwao alishona mkanda mdogo wa ngozi unaovaliwa kiganjani, umebana kile kiplastiki cha kuchapia nyuzi.

Na ya pili je? Ya pili aliidai yeye mwenyewe. Alisema hapigi peke yake kama mwendawazimu, ridhimu haijawahi kupigwa peke yake. "Na wewe utajifunza," akaniambia. Sikujua hata kodi moja.

Mafundi wetu mnawajua. Miezi miwili ikawa mitano. Mara mbao haijakauka, mara vanishi imegoma na mvua, mara kuna msiba. Bei siwatajii, ila mkiona simu yangu bado ina kioo kilichopasuka mjue sababu. Halafu Ijumaa moja nikapigiwa, mzigo upo kwenye basi. Nikaenda kuuchukua stendi ya Magufuli, Mbezi, nikaupakata kwenye bajaji kama mtoto mchanga.

Ndani ya boksi zilikuwa zimefungwa kwenye shuka la Kimasai, pacha, zimegeuziana migongo. Mgongo na ubavu ni mninga. Fundi alipasua ubao mmoja katikati kama anafungua kitabu, upande mmoja akaupa yangu, mwingine ya Mjomba, kwa hiyo ukiziweka pamoja michirizi ya mti inakutana. Ubao wa kubania nyuzi ni mpingo, mweusi tii. Mpingo wetu huu wa Lindi na Kilwa ndio Wazungu wanaoutengenezea klarineti na oboi. Ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Safari hii kipande kidogo kimebaki nyumbani.

Mjomba aliipokea bila kusema neno. Akaigeuza. Akaigonga mgongoni kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji. Akaweka sikio. Kisha akasema, "Nailoni. Sauti ya mchungaji wa vijana hii." Anti, mkewe, akacheka jikoni.

Nikatyuni mimi kwa maelekezo yake. Nilikuwa na programu ya kutyuni kwenye simu, akaniambia niiweke chini. "Kaza. Zidisha. Umepita, rudi. Ya tatu imeshuka, husikii?" Sikuwa nasikia. Baadaye nikaipima kwa simu kwa siri. Zote nne zilikuwa sawasawa.

Halafu akavaa mkanda wa ngozi, akaweka kidole cha kulia chumba cha tatu, akachapa.

Ningependa kuwaambia ilitoka G nzuri tukalia wote. Ilitoka mkwaruzo. Kidole kilibana uzi wa jirani. Akarudia, kiplastiki kikakwama. Mara ya tano hivi akaivua, akaiweka kwenye kochi, akasema, "Weka kabatini." Tukanywa chai. Nikaondoka na yangu, ya kwake ikabaki kabatini, na kwenye daladala nikajiambia nilichofanya labda hakina tofauti na lile gitaa la utepe.

Siku nne hakuna habari. Siku ya tano nikapokea ujumbe wa sauti kutoka kwa Anti, amekasirika kabisa. "Wewe mtoto, umeniletea balaa gani ndani? Mjomba wako kaamka saa kumi na moja alfajiri, kajifungia chumba cha wageni, anapiga kitu kimoja hicho hicho, kimoja hicho hicho, mpaka sasa saa mbili. Majirani watasema nini?" Nyuma ya sauti yake nikaisikia. Em. Nyuzi nne, chombo cha mninga, taratibu, inarudiwa. Nimeuhifadhi ule ujumbe, siufuti.

Hiyo ilikuwa wiki sita zilizopita. Tulipo sasa: ana kodi nne, G, Em, C na D, na D bado inamtukana. Bega linachoka baada ya dakika kumi na tano, tunaacha. Hatarudi jukwaani, mwenyewe anasema hivyo bila huzuni kuliko sisi tunavyosema. Mkono wa kulia umeishi miaka sabini ukifanya kazi nyingine, unajifunza upya kama mtoto wa darasa la kwanza.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Tukikaa uso kwa uso, yeye wa kushoto na mimi wa kulia, shingo za ukulele zinaelekea upande mmoja. Yaani ni kama najiangalia kwenye kioo. Akibana, nabana, sihitaji kugeuza kichwani. Kwa hiyo ananifundisha. Kuna vipande vya ridhimu alivyopiga ukumbini usiku kwa usiku ambavyo havikuwahi kurekodiwa redioni wala kwingine. Vilikuwa kwenye vidole vile vitano, na nilijua vimekwenda navyo. Sasa ananiimbia kwa mdomo, ananionyesha nusu, nusu iliyobaki naitafuta mimi huku akinigombeza. Kipande kimoja tumekipata karibu chote. Hapana, sikiposti. Akitaka kipostiwe atasema mwenyewe.

Nimejifunza kwamba kumtakia mtu apone na kumwona alivyo leo ni mambo mawili, na la kwanza linaweza kulimeza la pili bila mtu kujua. Kama una mzee, au rafiki, au hata mwenzako aliyebadilika mwili, muulize presha, sawa. Halafu muulize na nyuzi anapenda zikae juu au chini. Yeye ana nyuzi zake, wewe ndiye unayezijua.

Juzi Mjomba kamtumia fundi ujumbe wa sauti wa dakika tatu. Analalamika. Uzi wa pili unagonga chuma cha tano, daraja lipandishwe nusu milimita upande mmoja, na mkanda wa ngozi ni mpana mno. Fundi kanitumia na mimi, kaweka na vikaragosi vya kucheka, kaandika: "Huyu mzee msumbufu kuliko wateja wangu wote."

Nimemjibu ajiandae. Ndiyo kwanza ameanza.

Haya, zamu yenu. Kuna mtu aliyewahi kukupa kitu ukajua kabisa kwamba amekuangalia kwanza wewe? Tupieni hapo chini, nasoma zote. Na atakayetaja jina la Mjomba nafuta.